Fundi umeme na darubini



Wapendwa waamini, baada ya Misa ya Dominika iliyopita alinijia kijana mmoja, fundi umeme, akiwa na fadhaa. Mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya mkoa wetu amemwomba ajitolee siku za Jumamosi kuitengeneza darubini ambayo shule hiyo ilipewa zawadi miaka kadhaa iliyopita. Imelala stoo: mota haizunguki, na nyaya zimeliwa na panya. Mwalimu anatamani kuisimika katika kibanda chenye paa la kusukuma, ili wanafunzi na wanakijiji waitazame anga. Kijana alikuwa tayari, lakini baba yake amemkemea: “Hospitali yetu hapa Izimbya ina mangapi ya kutengenezwa, nawe waenda kupoteza siku kwa ajili ya nyota?”

Swali la mzee huyu ni zito, wala si yeye wa kwanza kuliuliza. Guy Consolmagno, Mmarekani mwenye shahada ya uzamivu katika sayansi ya sayari, alijiuliza vivyo hivyo: yafaa nini kuchunguza miezi ya Mshtarii, ile sayari ambayo wengi huiita Jupita, ilhali watu wanakufa kwa njaa? Mwaka 1983 aliacha utafiti wake, akajiunga na Peace Corps, akaja Kenya kujitolea popote atakapohitajika. Na Wakenya walimtaka afanye nini? Afundishe fizikia na elimu ya nyota! Alifundisha hata Chuo Kikuu cha Nairobi, na alipokwenda vijijini akiwa na darubini ndogo, watu walichungulia na kushangaa sawasawa na watu wa kwao Michigan. Hapo akatambua kwamba njaa ya kujua haiwahusu matajiri peke yao. Mwaka 1989 aliingia Shirika la Wayesuiti, akawa Bruda, na tangu 2015 hadi 2025 aliongoza Kituo cha Vatikano cha Uchunguzi wa Anga.

Mbuzi wangu hawajapata kuinua vichwa kuutazama mwezi, hata wakishiba. Mtoto wa maskini huutazama.

Hata hivyo mzee ana haki yake. Kama jenereta ya hospitali imezimika na kijana akaenda kufunga nyaya za darubini, mimi mwenyewe nitamfuata nimrudishe. Lakini Jumamosi nyingine, ambazo angezimaliza akitazama mpira, hazijaibwa kwa mgonjwa yeyote.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni jingine. Katika harambee zetu tunaandika fedha, mikungu ya ndizi, maharage na kahawa, sijasikia mwamini akisimama kusema, “Natoa Jumamosi nne za ufundi wangu.” Tumezoea kudhani kwamba ufundi ni wa kuuza tu, na kwamba fundi asiyedai malipo ni fundi asiye na kazi. Hata darubini ya Vatikano iliyopo Mlima Graham, Arizona, isingekuwepo kwa sala na sadaka pekee. Kioo chake chenye upana wa mita 1.8 kilitokana na mikono ya mafundi wa Chuo Kikuu cha Arizona, walioyeyusha glasi ndani ya tanuru linalozunguka. Nayo darubini ya shule hii inamngoja mtu awezaye kuifanya mota iizungushe kinyume cha mwendo wa dunia, duru moja kwa saa 23 na dakika 56, ili nyota isikimbie machoni pa mtazamaji. Kazi hiyo padre haiwezi. Nimejaribu kushika bisibisi. Mwalimu aliniomba kwa heshima niiweke chini.

Nasi tumejaliwa mahali pazuri. Karibu hivi na ikweta, usiku usio na mawingu ya Ziwa Viktoria, twaona Msalaba wa Kusini na pia Dubu Mkubwa wa kaskazini. Wenzetu wa Ulaya hawana bahati hiyo.

Nimezungumza na mzee. Tumepatana kwamba Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi itakuwa ya hospitali, zilizobaki ni za darubini, naye ameweka sharti: siku mota itakapozunguka, wa kwanza kuchungulia awe yeye. Nyaya zimekwisha kununuliwa. Anayejua kuchomelea reli za paa aje kuniona ofisini.

Nawatakia Dominika njema.