J.S. Ondara: Grammy aliikaribia, lakini njia ilipitia bahati nasibu

Ukitaja jina la J.S. Ondara ndani ya matatu Nairobi, usishangae ukiulizwa ni mbunge wa wapi. Lakini Mkenya huyo aliyekulia jijini humo aliwahi kuwania Grammy. Ilikuwa Januari 2020, kipengele cha albamu bora ya Americana, yaani ule mseto wa folk, country na blues ambao Wamarekani wanauona ni wao kabisa. Tuzo ilienda kwa mkongwe Keb' Mo'.

Safari yake ina ubishi wa shuleni ndani yake. Ondara, shabiki wa roki aliyezoea kusikiliza Nirvana na Radiohead redioni, aliweka dau kwamba "Knockin' on Heaven's Door" ni wimbo wa Guns N' Roses. Akaliwa. Wimbo ni wa Bob Dylan, na hapo ndipo alipoanza kumfuatilia mzee huyo.

Kwao hakukuwa na pesa ya kununua gita. Alikuwa anaandika tu. Mwaka 2013 akapata green card kupitia bahati nasibu, akaenda Minneapolis, ambako alikuwa na shangazi. Mji huo uko Minnesota, jimbo alikozaliwa Dylan. Gita alijifunzia huko.

Miaka sita baadaye, Februari 2019, lebo ya Verve Forecast ikatoa Tales of America: sauti nyembamba ya juu, gita, na mgeni anayeitazama Marekani kwa mapenzi na wasiwasi. Wakati huo Donald Trump alikuwa Ikulu, akitaka kuifuta bahati nasibu ileile iliyompeleka Ondara. Hilo liliipa albamu uzito ambao gita peke yake lisingeupata.

Je, angebaki Nairobi angefika wapi?

Si kwamba Kenya haimjui mtu na gita lake. George Mukabi alitamba na gita kavu enzi za ukoloni, na hadi leo baa za mugithi zinajaa kwa sababu ya mwanamuziki mmoja na gita moja. Ila kwenye mugithi watu wanataka kucheza na kuimba pamoja na msanii. Folk ya Ondara inataka ukae kimya usikilize maneno, tena ya Kiingereza. Kumbi za namna hiyo ni za kuhesabu, na promota hamwagi pesa asipoona umati.

Kwa hiyo ile simulizi ya kijana aliyefuata ndoto yake haitoshi. Maneno alikuwa nayo tangu Nairobi. Alichokosa ni gita, ukumbi na lebo, na vyote hivyo vilikuja baada ya jina lake kuchaguliwa na kompyuta ya Marekani. Viza hizo hazikuzidi 55,000 kwa mwaka, dunia nzima, na waombaji walikuwa mamilioni.

Yeye hakutulia baada ya Grammy. Mei 2020, watu wakiwa wamejifungia ndani kwa sababu ya corona, alitoa albamu ya pili kuhusu upweke huo. Septemba 2022 ikafuata Spanish Villager No: 3, safari hii ikiwa na bendi na roki nyingi zaidi. Kama hujawahi kumsikiliza, anza na hiyo ya 2019.