Je, Kompyuta Nyembamba Yatufaa?

Ni desturi katika shule hii kwamba Kidato cha Sita, kabla ya kutawanyika, huiachia shule zawadi. Waliotutangulia waliacha mabenchi ya ukumbini, na wengine kabla yao waliacha tangi la maji ya mvua ambalo hata leo twalitumia. Mwaka huu darasa letu limekubaliana kununua kompyuta mpakato, itumiwe na gazeti hili, na vyama vya shule, na wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani wa vitendo wa somo la kompyuta. Juu ya hilo hapana ugomvi. Ugomvi upo juu ya aina yake. Wenzangu wengi, tena wenye sauti kubwa katika mikutano, wataka moja mpya, nyembamba kama daftari, ya kuinuliwa kwa vidole viwili. Sisi wachache twasema kwamba kwa fedha zile zile twaweza kupata mbili zilizokwisha kutumika, nene kidogo, zenye kufunguka. Kura itapigwa kabla ya kufunga shule, na kwa kuwa mkutanoni kila mtu hupewa dakika mbili tu, nimemwomba Mhariri nafasi hii.

Sifa ya wembamba ilienea sana tangu tarehe 15 Januari 2008. Siku hiyo, huko San Francisco, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alisimama mbele ya watu akaitoa MacBook Air ndani ya bahasha ya karatasi, ya namna ile itumikayo kupelekea barua maofisini. Watu walishangilia. Uzito wake ulikuwa kilo 1.36, na bei yake dola 1,799. Lakini ili iingie katika bahasha ile, vitu vingi vililazimika kutoka. Mahali pa kutilia sidii paliondolewa. Tundu la waya wa mtandao liliondolewa. Tundu la USB likabaki moja. Na kumbukumbu yake, gigabaiti 2, ililehemiwa juu ya bodi, hata mwenye kutaka kuiongeza baadaye hakuwa na njia. Makampuni mengine yakafuata mwendo huo huo, na leo ukiingia katika duka lolote la kompyuta mjini Kampala utaona nyembamba zimewekwa mbele, penye taa.

Nasema haya ili ieleweke kwamba wembamba haupatikani bure. Kila milimita iliyopunguzwa imetolewa mahali fulani. Kama si kwenye matundu, ni kwenye betri. Kama si kwenye betri, ni kwenye vitufe vya kuandikia. Kama si huko, ni katika skrubu zilizobadilishwa kwa gundi. Basi mtu anayepima kompyuta kwa kazi za kila siku asiulize tu ina uzito gani. Aulize pia ni kitu gani kilitolewa ili uzito huo upungue, na je, kitu hicho yeye akihitaji?

Mfano ulio wazi kupita yote ni ule wa vitufe. Mwaka 2015 kampuni hiyo hiyo ilitoa MacBook ya inchi 12, yenye uzito wa gramu 920 na unene wa milimita 13.1. Ilikuwa kitu cha ajabu kwa macho. Haikuwa na feni, wala tundu la waya zaidi ya moja, ukiacha lile la kusikilizia. Ukichaji, huwezi kuchomeka flashi. Ukichomeka flashi, huwezi kuchaji, isipokuwa umenunua adapta. Na ili iwe nyembamba vile, vitufe vyake vilitengenezwa kwa namna mpya, iliyopewa jina la kipepeo, vikawa vifupi mno, vyashuka kidogo tu unapobonyeza. Chembe moja ya vumbi ikiingia chini ya kitufe, kitufe hukwama, au huandika herufi moja mara mbili. Tena kibodi hiyo haikuweza kubadilishwa peke yake; ilikuwa sehemu ya kifuniko chote cha juu. Mwezi wa Juni 2018 kampuni ililazimika kuanza kuzitengeneza bure. Mwishoni mwa 2019 ilianza kurudi kwenye vitufe vya namna ya zamani, na mwaka 2022 ilikubali kulipa dola milioni 50 ili kumaliza kesi ya wanunuzi huko Marekani.

Sasa wenzangu, wanunuzi wale wengi walikaa katika nyumba zenye zulia na madirisha ya vioo. Sisi twakaa kando ya barabara ya udongo mwekundu. Mwezi wa Februari malori yakipita, ukifuta meza asubuhi, saa sita mchana waweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Kama vumbi la huko liliweza kuishinda mashine ya dola 1,299, vumbi letu litafanya nini?

Hata hivyo si haki kuhukumu nyembamba zote kwa kosa la moja. Katika jambo la umeme, hoja ya wenzangu ina nguvu kuliko wao wenyewe wanavyojua, kwani mkutanoni walisema habari za uzuri tu wakaiacha hii. Novemba 2020 ilitoka MacBook Air mpya yenye prosesa iitwayo M1. Ina uzito wa kilo 1.29, haina feni, na vitufe vyake ni vile vya zamani vilivyo imara. Betri yake ni ya saa-wati 50 hivi. Tukichukua kwamba kwa kazi ya kawaida ya kuandika yafika saa 10 kabla ya kuisha, basi yatumia wati 5 tu, sawa na taa moja ndogo. Kompyuta nene za zamani hutumia mara mbili ya hapo, na mara nyingine mara tatu. Shule inayotegemea paneli za jua umeme wa gridi unapokatika, kama yetu, haiwezi kulidharau jambo hili. Siku ya mawingu, wati 10 zilizookolewa ni taa mbili za darasa la jioni. Tena mashine isiyo na feni haivuti vumbi ndani, ila feni huvuta mchana kutwa, mpaka matundu ya hewa yajae kama pua ya mtu mwenye mafua.

Kama ningekuwa nanunua kompyuta yangu mwenyewe, ya kubeba mgongoni kutoka chuo hadi nyumbani, na fedha ninazo, labda ningechagua hiyo. Mtu mmoja huijua mashine yake. Hufunga kifuniko polepole. Hanywi chai karibu nayo. Chaja yake huiweka mahali pamoja. Lakini tunayotaka kununua si ya mtu mmoja. Katika juma moja itashikwa na mikono arobaini. Asubuhi wanafunzi wa Kidato cha Tano watajifunzia majedwali ya hesabu juu yake. Saa ya chakula katibu wa chama cha mdahalo atachapa matangazo. Jioni sisi wa gazeti tutapanga kurasa. Jumapili itachomekwa kwenye projekta ya ukumbini, projekta ya zamani yenye tundu la VGA, ambalo hakuna nyembamba hata moja niliyoiona sokoni yenye kuingiana nalo bila adapta. Na adapta katika shule ya bweni huishi muda gani? Flashi za shule zilikuwa sita mwanzo wa mwaka, sasa ni mbili.

Mashine ya mikono arobaini itaanguka. Itamwagikiwa na kitu. Betri yake, ikijazwa na kuisha kila siku, itachoka katika miaka michache, kwa kuwa betri za lithiamu zote huchoka baada ya kujazwa mara mia kadhaa. Si kosa la mtengenezaji, ndivyo kemia ilivyo. Basi swali la kweli ni hili: siku hiyo ikifika, na sisi tumekwisha kuondoka, watakaobaki watafanya nini?

Mwaka jana mmoja wa walimu wetu alimwagikiwa na chai juu ya kompyuta yake nyembamba, ya kampuni ambayo sitaitaja. Haikuwa chai nyingi. Fundi aliifungua kwa taabu, maana betri ilikuwa imegandishwa kwa gundi na kibodi imepigiliwa kwenye kifuniko kwa ribiti ndogo zisizohesabika, akasema kwamba kuitengeneza kutagharimu zaidi ya nusu ya bei yake. Mpaka leo imo kabatini. Si mzee hata miaka mitatu, imelala kama sahani ya harusi.

Kwa upande wa pili nitazame mashine moja nene, ili nisisemwe kwamba nasifu unene mtupu. Lenovo ThinkPad T480 ilitoka mwaka 2018, na maofisi ya ng'ambo yalipozibadilisha zake zikaingia katika soko la zilizotumika. Unene wake ni karibu milimita 20, na uzito wake kuanzia kilo 1.58. Ukipima vema, tofauti yake na ile MacBook Air ya 2020 haifiki gramu 300 kwa betri ndogo, nayo ni chini ya uzito wa chupa ndogo ya soda iliyojaa. Kwa gramu hizo wapata nini? Wapata betri mbili, moja ndani na moja nje, na ile ya nje waweza kuichomoa na kutia nyingine bila kuizima mashine. Wapata nafasi mbili za kumbukumbu ambazo zafunguliwa kwa bisibisi ya kawaida. Wapata tundu la waya wa mtandao, la HDMI, na matundu ya USB ya zamani na mapya. Kibodi yake ina njia za kupitishia maji yaliyomwagika, nayo yaweza kubadilishwa peke yake.

Kasoro zake pia zipo. Ina feni, nayo itataka kusafishwa kila muhula. Kioo cha nyingi katika hizo ni hafifu, ukikaa karibu na dirisha huoni vema. Na juu ya yote imetumiwa na mtu usiyemjua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu asiyekagua aweza kuuziwa betri iliyokufa. Jambo hili lanitia hofu, sikatai. Lakini kunguni wa kitanda kinachofunguka wanaweza kutolewa.

Wengine watasema kwamba nadai mambo ya zamani. Jirani zetu wa Rwanda, walipoanza mwaka 2008 kuwagawia watoto wa shule za msingi kompyuta ndogo za XO, walipokea mashine iliyofikiriwa kwa mahali penye vumbi na jua: kibodi ya mpira iliyozibwa, hakuna feni, kioo chenye kusomeka uani mchana, na ndani ya mpini wake zimewekwa skrubu za akiba. Ilikuwa na uzito wa kama kilo moja na nusu. Ilikuwa polepole sana, na ilipata lawama nyingi nyingine, lakini aliyeweka skrubu zile kwenye mpini alijua kwamba mashine ya shule itafunguliwa. Hata wembamba wenyewe haukatazi kufunguka: tangu mwaka 2021 kuna kompyuta ya Framework, kilo 1.3 tu, ambayo kumbukumbu, betri, kibodi na hata matundu yake hubadilishwa na mwenye mali kwa bisibisi moja. Hapa kwetu sijaiona dukani. Nao Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023, ikiweka Februari 2027 kuwa mwanzo wa kudai kwamba betri za vyombo kama hivi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Kumbe hata waliozoea kununua kipya kila mara wamechoka na gundi.

Nimesikia pia sababu moja ambayo haikusemwa mkutanoni bali bwenini, kwamba siku ya kukabidhi zawadi Askofu atakuwapo na picha zitapigwa, na kompyuta nyeusi nene iliyotumika haitapendeza mezani. Juu ya hili nasema hivi tu: picha itapigwa siku moja, na mtihani wa vitendo huja kila mwaka, na mwaka huu watahiniwa wamejaribu kwa zamu kwa sababu mashine nzima maabara ni tisa.

Pendekezo langu, basi, nitakaloleta siku ya kura, ni kununua mbili za aina ya T480 au iliyo karibu nayo, na kwa fedha zitakazosalia tununue betri moja ya nje ya akiba, waya wa VGA wenye adapta yake, na seti ya bisibisi. Waende watu watatu, si mmoja, tena wawe na mwalimu wa kompyuta. Kabla ya kulipa waiache kila mashine ifanye kazi kwa betri tu saa nzima, waandike ukurasa mmoja kwa kugusa kila kitufe, wachomeke flashi katika kila tundu, na waombe ifunguliwe mbele yao. Muuzaji akikataa kuifungua, waende duka la pili. Adapta ifungwe kwenye waya wake kwa kamba, na bisibisi zikae kwa mlinzi wa maktaba, ziandikwe katika daftari la kuazima kama vitabu.