Virusi vya samaki: Mlaji wa Kigamboni salama, mfugaji hatarini

MLAJI anayenunua sato wa kukaanga Kigamboni hana sababu ya kumwogopa samaki huyo kwa ajili ya virusi vinavyoua samaki wa kufugwa duniani. Mwenye sababu ya kuogopa ni aliyemfuga. Tofauti hiyo haielezwi ipasavyo kila habari za maradhi ya samaki zinapovuma, na anayeumia ni mfanyabiashara mdogo ambaye samaki wake hawana kosa.

Virusi vinavyotajwa zaidi hufahamika kwa kifupi kama TiLV. Hushambulia jamii ya perege, ambamo sato naye yumo. Viligunduliwa nchini Israel baada ya samaki wa jamii hiyo kuanza kupungua katika Ziwa Galilaya mnamo mwaka 2009, vikaelezwa kitaalamu mwaka 2014. Samaki aliyeambukizwa huacha kula, huzubaa karibu na uso wa maji, ngozi yake huchubuka na macho huingia ukungu. Katika milipuko mikali, asilimia hadi 90 ya samaki waliomo bwawani wamekufa. Hata hivyo, hakuna ushahidi kwamba virusi hivyo humwambukiza binadamu.

Jambo hili si la nchi za mbali. Mwaka 2018, watafiti wakiongozwa na Kizito Mugimba wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiwamo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) cha Morogoro, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa sato 191 wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na Tanzania, wa kufugwa na wa porini. Vinasaba vya TiLV vilionekana katika samaki 28. Matokeo hayo yasomwe kwa uangalifu: kipimo cha PCR kilichotumika hutafuta chembe za urithi za virusi, hakisemi kwamba samaki huyo anaumwa wala kwamba ziwa limekumbwa na mlipuko. Kinachosema ni kwamba virusi vimeshafika.

Kigamboni iko mbali na Ziwa Victoria, lakini samaki wa kufugwa hawasubiri mito iwafikishe. Vifaranga husafirishwa katika mifuko ya nailoni iliyojazwa maji na oksijeni, na mfuko mmoja unaweza kuvuka nchi nzima kwa siku moja. Mwaka 2017 utafiti uliofanywa Thailand ulionyesha kuwa virusi hivyo vilikuwamo katika vituo vya kuzalishia vifaranga tangu mwaka 2012, na ukatahadharisha zaidi ya nchi 40 zilizokuwa zimepokea vifaranga kutoka huko. Mwaka huohuo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa tahadhari maalumu.

Hapo ndipo penye udhaifu. Mwenye bwawa dogo huko Kisarawe II au Kimbiji hununua vifaranga kwa kutazama bei na ukubwa, kwani afya yao haionekani kwa macho. Maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) iko Temeke, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) iko Kunduchi; umbali si kisingizio. Swali ni nani alipe gharama ya kipimo. Akiachiwa mfugaji mwenye bwawa moja, hatapima. Ni haki zaidi mzigo huo umwangukie anayezalisha na kuuza vifaranga kwa maelfu, kwa kuwa kosa lake moja huingia katika mabwawa mengi.

Kwa upande wa mlaji, ipo historia. Mwaka 2007, homa ya Bonde la Ufa, ambayo ni ya virusi na kweli humwambukiza mtu kutokana na damu na nyama mbichi ya mfugo mgonjwa, iliua watu zaidi ya 100 nchini. Wengi waliiacha nyama ya ng'ombe, ingawa iliyopikwa vizuri haikuwa na madhara. Hofu haikubagua.

Virusi vinavyompata mtu kupitia vyakula vya baharini ni vingine kabisa: norovirusi na vile vya homa ya ini aina ya A. Hivi havitokani na ugonjwa wa samaki bali na kinyesi cha binadamu. Chaza na kome huchuja maji mengi ili wapate chakula, na maji yakiwa na majitaka, hubaki navyo mwilini. Barafu haiviui, na ndimu haitoshi. Mwongozo wa kimataifa wa Codex wa mwaka 2012 unataja joto la nyuzi 90 kwa sekunde 90 ndani ya nyama yenyewe, si kwenye ganda. Kwa hiyo anayejali afya ya mlaji wa Dar es Salaam aanze kuuliza majitaka ya jiji yanaishia wapi, kabla ya kuuliza sato alifugwa wapi.

Kwa mfugaji, TiLV haina tiba. Vifo vya ghafla vikitokea, samaki waliokufa hufukiwa, si kutupwa mtoni. Maji ya bwawa hayafunguliwi kuelekea kwa jirani. Nyavu na ndoo hazihami bwawa hadi bwawa. Ofisa uvuvi wa kata apewe taarifa siku hiyohiyo, kabla samaki walionusurika hawajauzwa kama mbegu kwa mfugaji mwingine.