Acheni Kubonyeza "Endelea" Mara Arobaini

Nimekuwa kimya majuma kadhaa kwa sababu ya kazi, na leo narudi na lawama. Nawalenga mafundi wenzangu wa kompyuta. Msinune kabla ya kumaliza kusoma, maana mimi mwenyewe nimo kundini.

Muhula uliopita niliitwa katika shule moja ya upili kutazama maabara yao. Kompyuta 40, zote za msaada, zote zina Linux. Fundi aliyeiweka alilipwa kwa kila mashine. Nilipofika, 12 zilikuwa zimefunikwa vitambaa tangu muhula uanze. Vifaa vyake vilikuwa vizima kabisa! Mfumo ndio uliovurugika, na hapakuwa na mtu aliyejua nywila ya msimamizi, wala diski ziligawanywa vipi, wala ni programu gani ziliongezwa. Fundi alihamia kaunti nyingine na simu hapokei. Wanafunzi walikuwa wakikaa wawili wawili, pengine watatu: mmoja anashika kipanya, wengine wanatazama.

Sasa niulize. Yule bwana aliiachia shule nini hasa? Kisakinishi cha Linux huuliza maswali: lugha gani, kibodi gani, saa za wapi, diski igawanywe vipi, mtumiaji aitwe nani. Fundi aliyajibu maswali yale yale kwa majibu yale yale mara 40, kisha akaondoka na majibu vidoleni mwake. Mimi hapo sioni utaalamu wowote, naona mtu anayeifanyia kompyuta kazi ambayo kompyuta ingemfanyia yeye.

Wala msiniambie kwamba haya ni mambo mapya. FAI, mradi wa kusakinisha Debian bila mtu kukaa mbele ya kiwamba, ulianza mwaka 1999. Watu wa Red Hat wana Kickstart tangu zamani, na kisakinishi chao, Anaconda, kikimaliza kazi huacha faili yenye majibu yako yote katika /root/anaconda-ks.cfg. Debian 3.1 ilipotoka mwaka 2005 ilikuja na kisakinishi kipya kinachoweza kusoma majibu kutoka kwenye faili. Ubuntu Server nayo ikaleta autoinstall katika toleo la 20.04, mwaka 2020. Kama umeitwa mtaalamu wa Linux miaka yote hii na bado unabonyeza "Endelea", kosa ni lako.

Haya basi, tuone ugumu uko wapi. Nitatumia Debian. Andika faili ya kawaida, uiite preseed.cfg. Ndani yake mistari ni ya namna hii:

d-i time/zone string Africa/Nairobi
d-i partman-auto/method string regular
d-i partman-auto/choose_recipe select atomic
d-i mirror/http/proxy string http://192.168.1.10:3142

Huhitaji kukariri. Mwongozo wa usakinishaji wa Debian una mfano mzima wa faili hii, wewe unabadilisha panapokuhusu. Ukitaka kuona ulivyojibu katika mashine uliyoisakinisha kwa mkono, weka kifurushi cha debconf-utils kisha utoe amri hii ukiwa root:

debconf-get-selections --installer

Matokeo yake yasome ujifunze, usiyachukue yote kama yalivyo. Nywila usiiandike wazi. Tumia mkpasswd -m sha-512 upate ile iliyofumbwa, maana faili itasomwa na yeyote aliye kwenye mtandao huo. Kisha simama katika folda yenye faili, uigeuze laptopu yako kuwa seva:

python3 -m http.server 8000

Kwenye kompyuta ya maabara, washa kwa flashi ya Debian. Hizi za zamani zenye BIOS, bonyeza Esc kwenye menyu, kisha andika:

auto url=http://192.168.1.10:8000/preseed.cfg hostname=lab07

Basi. Nenda kwenye mashine ya pili.

Ule mstari wenye 3142 ndio unaookoa pesa. Hiyo ni bandari ya apt-cacher-ng, programu ndogo inayokaa kwenye laptopu na kuhifadhi kila kifurushi kilichoshushwa. Mashine ya kwanza inavishusha kutoka intaneti, zinazofuata zinavichukua kwako. Kama kila mashine inahitaji GB 1.5, mashine 40 zingekula GB 60. Kwa njia hii intaneti ya shule inaguswa kwa GB 1.5 tu au zaidi kidogo. Mwalimu mkuu anayenunua bando ataelewa hesabu hiyo kabla hujaimaliza.

Najua mtakayosema.

La kwanza: "Kuandika faili kunachukua muda." Ni kweli. Faili yangu ya kwanza ilinila siku mbili, nikijaribu na kukosea ndani ya mashine ya kuigiza. Ya pili ilichukua saa moja. Ile iliyorudiwa mara 40 kwa mkono, ukiambiwa uirudie mwakani, inaanza tena sifuri.

La pili ni zito zaidi: "Sasa tutakula nini?" Sitalicheka swali hili. Pesa yangu ya kwanza ya kompyuta niliipata hivyo hivyo, kwa mashine, nikiwa bado chuoni, na ililipa kodi ya chumba. Lakini tuseme ukweli. Wengi wetu hatuiachi faili kwa sababu tunataka kuitwa tena. Tunaifanya shule iwe mteja kwa kuinyima maarifa yake yenyewe, kama mganga anayeficha jina la mti. Na ikishindwa kutuita, kwa kuwa hakuna pesa, kinachofuata ni kitambaa juu ya kompyuta. Toza kazi ya kupanga, toza mafunzo, toza matengenezo ya mwaka. Usitoze usahaulifu.

La tatu ni la haki, na hapa nakiri. "Kosa la mkono huharibu mashine moja, kosa la faili huharibu zote." Limenitokea. Katika shule nyingine, faili yangu iliamuru /dev/sda ifutwe, na niliweka mistari yote ya kuthibitisha ili kisakinishi kisiulize chochote. Diski ya nje ya mwalimu ilikuwa bado imechomekwa, na siku hiyo ndiyo iliyopewa jina la sda. Alama za kidato cha tatu zikaenda. Mwalimu alizipiga chapa upya kutoka kwenye karatasi kwa siku nne, na hakunitukana hata neno moja. Afadhali angenitukana.

Je, hilo lilinirudisha kwenye kubonyeza? Hapana. Lilinifunza kuchomoa kila diski ya nje kabla ya kuanza, na kuuacha mstari wa partman/confirm nje ya faili, ili kisakinishi kisimame mara moja tu, mbele ya diski, kingoje binadamu aseme ndiyo. Waliotengeneza kisakinishi cha Ubuntu wanaijua hatari hii: usipoandika neno autoinstall kwenye mstari wa kuwashia, kinakuuliza kwanza kabla ya kugusa diski. Na kuna faida moja ambayo mkono hauna: kosa lililo ndani ya faili linaonekana, linasahihishwa, na halirudi.

Turudi kwenye ile shule ya vitambaa. Sikusakinisha mashine 12. Niliketi na mwalimu wa kompyuta, tukaiandika faili pamoja, kila mstari na maelezo yake kwa Kiswahili baada ya alama ya #. Mashine ya kwanza niliiwasha mimi, yeye akitazama. Zile 11 aliziwasha yeye, mimi nikinywa chai. Faili tuliichapisha kwenye karatasi pia, ikabandikwa ndani ya mlango wa kabati.

Majuma matatu baadaye akanipigia simu. Nilidhani kumeharibika. Kumbe alitaka kunieleza tu kwamba mashine moja ilikuwa imegoma, na ameirudisha mwenyewe wakati wa chakula cha mchana.

Kwa hiyo nyinyi wakuu wa shule, wenye saiba, na yeyote anayelipia maabara: fundi akikukabidhi mashine, muulize faili iko wapi. Akisema hakuna, hajamaliza kazi, na malipo yabaki nusu. Nanyi mafundi wenzangu, mficha uchi hazai. Toeni faili zenu hadharani, hata zikiwa na makosa.

Kama una hoja ya kunipinga, iache hapo chini. Matusi pia nayasoma, mradi yawe na adabu :-)