Pimeni Kona Kwanza, Kompyuta Baadaye

  Mwezi huu tuyaweke kando kidogo mambo ya wivu na mawifi, maana nataka tuongelee boksi. Ndiyo, boksi la kompyuta ya mezani, lile ambalo wengi wetu tunaliita CPU. Kwa kweli CPU ni prosesa, kidude cha ndani chenye ukubwa wa biskuti. Boksi lenyewe ni kasha tu, nyumba ya kuvikalisha vifaa. Lakini usilidharau, kwani nimeshuhudia kasha likiwanunisha watu wanaopendana siku nne mfululizo.

Shosti wangu mmoja mkataba wake wa kazi uliisha na haukuongezwa. Hakukaa kulia. Akaamua kuhariri video za harusi na kicheni pati akiwa nyumbani. Malipo yake ya mwisho yalitosha kununua kompyuta, au kulipa kodi ya miezi sita. Akachagua kompyuta. Yeye na mumewe wanaishi chumba na sebule, kwa hiyo akataka kasha dogo kabisa la kujificha pembeni mwa TV. Mumewe, ambaye gemu za mpira ni ugonjwa wake, alikuwa kashaona picha za kasha kubwa la vioo lenye feni za taa za rangi. Mimi na mume wangu kompyuta yetu tuliiunga wenyewe, ndiyo maana nikaitwa kuamua.

"Shemeji, mwambie rafiki yako, kompyuta ndogo inachemka," akaanza bwana.

"Na wewe mwambie shemeji yako, hela hii si ya taa," akajibu bibie.

Hapo nikaelewa kwamba ugomvi haukuwa wa ukubwa wa kasha. Ile ilikuwa hela ya mwisho ndani ya nyumba na hakuna aliyetaka kulitamka hilo. Nikawaambia tuweke picha pembeni, walete futi kamba. Kwa sababu kasha dogo na la bei nafuu, wasomaji wangu, halichaguliwi kwa macho. Linachaguliwa kwa vipimo, tena vya aina mbili: vya kona yenu na vya kazi yenu.

Kona yako ina ukubwa gani?

Makasha madogo hupimwa kwa lita, kama ndoo. Chukua ndoo yako ya maji ya lita 20 uiweke kichwani, namaanisha kwenye mawazo. SilverStone SG13 ina lita 11.5, yaani nusu ndoo na kidogo. Cooler Master NR200, iliyotoka mwaka 2020, ina lita 18.25, haijafika ndoo. Cooler Master Q300L ina upana wa sentimita 23, na kimo na urefu wake kila kimoja ni kama sentimita 38. Hiyo ni lita 33 na ushee, zaidi ya ndoo moja na nusu. Makasha ya kawaida ya zamani yaliyokuwa yakikaa chini ya meza mengi huizidi hiyo ya mwisho.

Sasa fanyeni hivi. Chukueni katoni tupu dukani kwa Mangi, mlikate na kuligundisha liwe na vipimo vya kasha mnalolitaka, kisha liwekeni mahali pake kwa wiki nzima. Msilitoe. Kwa shosti wangu siku ya pili tu mlango wa chumbani uliligonga katoni. Siku ya tatu likahamia kati ya friji na meza, na pale likatulia. Ile kona ilikuwa na upana wa sentimita 35, ikabaki nafasi ya kupumua kila upande. Na nyuma acheni sentimita 10 hivi kwa ajili ya nyaya na hewa ya moto inayotoka.

Udogo una bei yake

Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Mtu anaona kasha dogo kama toi, anadhani na bei ya kompyuta nzima itakuwa ndogo. Wala! Kasha ndilo linaloamua ukubwa wa mazabodi, ule ubao mkuu ambao vifaa vyote huchomekwa. Makasha madogo kabisa hupokea mazabodi ya Mini-ITX, yenye sentimita 17 kwa 17, umbo lililoletwa na kampuni ya VIA mwaka 2001. Umbo linalofuata ni Micro-ATX, ambalo hufikia sentimita 24.4 kwa 24.4. Ukilinganisha mbili za daraja moja, ile ndogo kwa kawaida ndiyo yenye bei zaidi, na ina nafasi chache za kuongeza vitu baadaye.

Pawa saplai nayo ni vivyo hivyo. NR200 inataka ile ndogo ya aina ya SFX, ambayo kwa kawaida ina bei kuliko ya ATX iliyozoeleka. SG13 inakubali ya kawaida, lakini kipoza joto kinachokaa juu ya prosesa kisizidi kimo cha milimita 61. Kila sentimita unayoiokoa kwenye kona, mtu anakudai mahali pengine.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wawili wenye bajeti ya kubana ni huu: tafuteni kasha dogo la Micro-ATX linalopokea pawa saplai ya kawaida. Ikiharibika, mnapata nyingine kwa urahisi. Mkipata hela mwakani, kuna nafasi ya kuchomeka kadi ya michoro bila kuvunja nyumba. Na mimi binafsi nina sheria yangu: kasha lisile zaidi ya sehemu moja ya kumi ya bajeti. Zinazofanya kazi ni prosesa, ramu na diski. Kioo na taa havihariri video.

Mtauliza, si bora mtumba wa ofisini, zile ndogo zinazouzwa kwa wingi? Kwa kuchapa barua na mahesabu, zinafaa sana na sizipondi. Ila nyingi zina mazabodi na pawa saplai za maumbo yao wenyewe. Usinunue moja ukitegemea kwamba kasha lake utalivalisha vifaa vipya. Mara nyingi havitaingia.

Joto letu na vumbi letu

Bwana hakuwa amekosea kabisa kuhusu kuchemka. Dar es Salaam ya Januari na Februari unaijua mwenyewe. Kasha dogo lina hewa kidogo ndani, hivyo lazima lipitishe hewa. Angalia uso wake wa mbele: uwe na matundu au wavu. Uso wa kioo kitupu ni mzuri kwenye picha, lakini feni iliyo nyuma yake itavuta hewa kutoka wapi? Feni ya mbele ivute ndani, ya nyuma itoe nje. Na pale inapovuta pawe na chujio la vumbi linalotoka kwa mkono, mlipige burashi kila mwisho wa mwezi.

Njia nyingine ya kupunguza joto ni kutoliumba. Shosti wangu alichukua prosesa ya Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021. Ina uwezo wa michoro ndani yake, kwa hiyo hakununua kadi. Daraja lake la joto ni wati 65, na kipoza joto chake kilikuja ndani ya boksi kikiwa na kimo cha milimita 54 tu. Video za harusi zinakwenda. Mpira wa bwana nao unakwenda, ukipunguza kidogo mbwembwe za nyasi na mashabiki.

Kitu kimoja msikibane: pawa saplai. Kuna makasha yanayouzwa na pawa saplai ndani kwa bei ya kutupa. Kama haina maelezo ya kueleweka, iacheni hapo hapo. Tafuteni yenye alama ya 80 PLUS, maana yake imepimwa na angalau asilimia 80 ya umeme inaouvuta inafika kwenye vifaa badala ya kupotea kama joto. Uniti zenu za LUKU zitashukuru. Halafu UPS, jamani. Umeme ukikatika bibi harusi yuko katikati ya kukata keki, laptopu ina betri, ya mezani haina.

Siku ya kuunga

Hii ifanyeni wawili, Jumamosi, watoto wakiwa kwa bibi. Bisibisi moja ya nyota inatosha. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kushika vifaa ili umeme wa mwilini usiviunguze, na usifanyie juu ya zulia.

Prosesa, ramu na diski ya M.2 vipandikeni kwenye mazabodi ikiwa bado juu ya meza, maana ndani ya kasha dogo vidole havizunguki. Kisha fungeni kipoza joto. Kwenye kasha, angalieni vile vipago vidogo vya shaba vinavyoinua mazabodi: kila kimoja kikae chini ya tundu lake. Kilichokaa pasipo na tundu kinaweza kugusa ubao na kupiga shoti. Bati la nyuma lenye matundu ya USB, kama ni la kubandika, linatangulia kabla ya mazabodi. Waya wa umeme wa prosesa upitishwe mapema, kwa sababu baadaye kona yake haifikiki. Mwisho ni zile nyaya nyembamba za swichi na taa ya mbele. Ya swichi haijali upande, ya taa inajali chanya na hasi. Washeni kwanza, ndipo mfunge ubavu.

Siku ile bwana ndiye aliyeshika tochi na bibie bisibisi. Waya wa mwisho ulipokwisha kuingia, mwanaume akasema polepole, bila kumtazama mtu, "Kumbe tungekuwa tumelipa kodi." Mkewe akamjibu, "Tutailipa na hii." Sikutia neno. Yale ndiyo mazungumzo waliyokuwa wakiyakimbia tangu siku ya vioo na taa.

Nani anakaa kitini?

Laptopu ni ya mtu. Kompyuta ya mezani iliyo sebuleni ni ya nyumba, kwa hiyo wekeni utaratibu mapema. Kila mmoja awe na akaunti yake na nywila yake, na hilo si usiri, ni heshima. Saa za kazi zijulikane. Kwa wale wenzangu, hadi saa mbili usiku kiti ni cha harusi, baada ya hapo ni cha mpira. Ikiwa mteja anasubiri video yake, mpira unasogea.

Basi kabla hamjaenda Kariakoo, ulizaneni maswali matatu mkiwa mmekaa chini: Kona yetu ina sentimita ngapi? Kompyuta hii itatuingizia nini, au ni starehe tu? Na hela hii isiporudi haraka, tutakula nini? Mkiyajibu yote matatu kwa sauti, muuza duka hatakuwa na la kuwadanganya.

Tukutane mwezi ujao. Pendaneni.