Oktani si mbolea ya injini

Ndugu mkulima, usidanganywe kwamba petroli ya oktani kubwa huongeza nguvu ya kila gari lenye turbo. Oktani ni uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kuwaka yenyewe. Turbo hushindilia hewa na joto hupanda; hivyo kitabu cha gari kikidai 95, weka 95, maana injini ikigonga, pistoni huharibika. Kikisema 91 yatosha, kulipia zaidi kwa safari za shamba na soko ni sawa na kumwaga urea penye naitrojeni tele. Kwa vumbi letu la Momela, fedha hiyo nunulia chujio la hewa. Soma kitabu kwanza, ndipo uende sheli.