Kichwa Nguvu, ao Masikio?



Mwezi huu naanza na kosa langu mwenyewe. Katika darasa letu la ubatizo kulikuwa kijana ambaye mara nyingi ukimwita haitiki. Nikimuuliza hili, yeye anajibu lile. Siku moja nilimkaripia mbele ya wenzake: «Weye uko na kichwa nguvu!» Jioni mama yake akaja, akaniambia kwa upole: «Pasta, tangu alipougua homa ya uti wa mgongo, sikio lake moja lilikufa.» Na mimi ndiye niliyemkalisha mahali ambapo sikio lile lilinielekea.

Torati inakataza kumlaani kiziwi (Walawi 19:14). Lakini tutaitii namna gani ikiwa hatumtambui? Mara nyingi uziwi hauna kidonda wala maumivu. Basi tuangalie alama.

Mtoto mchanga. Mlango ukigonga kwa nguvu, je, anashtuka? Akilia, sauti ya mama inamtuliza hata kabla hajamwona? Kwa miezi sita anapaswa kugeuza kichwa kutafuta sauti. Kwa mwaka mmoja, aitike jina lake na kujaribu kusema «mama» ao «baba». Kwa miaka miwili, aunge maneno mawili. Mama wengi wanadanganyika kwa sababu mtoto kiziwi pia analia, anacheka, na miezi ya kwanza anatoa sauti kama wengine. Baadaye sauti hizo zinapungua.

Mpime hivi: simama nyuma yake, asikuone, utikise kopo lenye maharagwe. Usipige makofi karibu naye, kwani atasikia upepo kwa ngozi. Asipogeuka mara kadhaa, mpeleke kwa munganga. Na hata akigeuka, kama ungali na mashaka, mpeleke tu. Usingoje afike umri wa shule.

Mtu mzima. Kila mara anasema «rudilia». Anafungulia radio mpaka jirani wanalalamika. Anasikia sauti za wanaume, lakini za watoto zinampotea. Anaangalia midomo yako. Masikio yanalia «ngiii» usiku. Mwishowe anaacha kuja mikutanoni, nasi tunasema ana kiburi.

Ninyi wa machimbo, na ninyi wa mashine ya kusaga unga, sikieni. Kama mwenzako yuko umbali wa mkono mmoja na lazima upige kelele ndipo akusikie, mahali pale panaharibu masikio. Yakiharibika kwa kelele, hayarudi. Vaa vizibo vya masikio. Pamba peke yake haitoshi. Na sikio likizibika kwa ghafula, siku moja tu, usikawie: nenda hospitali siku ile ile.

Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema kwamba katika watoto 100 wasiosikia vizuri, karibu 60 wangeweza kukingwa. Basi watoto wapate chanjo ya surua. Sikio lenye usaha litunzwe mapema kwenye kituo cha afya, bila mafuta, maji ya majani wala njiti ya kibiriti. Kwinini na sindano za jentamisini zinaweza kudhuru masikio. Usizitumie bila munganga. Na mtoto aliyepona homa ya uti wa mgongo apimwe masikio.

Na kama uziwi hautibiki? Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alikuwa kiziwi kwa homa hiyo hiyo akiwa na miaka 11. Tangu 1957, akianzia Ghana, alianzisha shule za viziwi zaidi ya 30 katika Afrika, na Kongo pia, mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege huko Rwanda mwaka 1987. Mtoto kiziwi anahitaji lugha ya ishara na shule, hahitaji fimbo.

Kijana wangu niliomba anisamehe mbele ya wenzake wale wale. Sasa anakaa upande wa sikio zima, naye anajibu kushinda wengine. Kwako nyumbani, nani haitiki? Kabla ya kumkaripia, mpime.